Kadi ya pripedi inaonyesha salio lipo lakini malipo yanakataa, hivi pesa inakaa wapi hasa?

Zuhura_M

Habarini wakuu. Naombeni mwenye uelewa wa hizi kadi za kulipia kabla, zile pripedi, anisaidie maana kastoma kea wamenijibu kwa maneno ambayo sijayaelewa hata kidogo. Iko hivi, nilichukua kadi kwa ajili ya manunuzi ya mtandaoni tu, sikutaka kuweka namba za kadi ya benki kwenye kila tovuti, nikaijaza 100. Nikaitumia kuweka nafasi ya chumba hotelini, tovuti ikasema utalipa ukifika, hatukati kitu sasa hivi. Sawa. Baadaye naenda kulipia kozi ya 45 inakataa, eti salio halitoshi. Nikiingia kwenye apu naona namba mbili, moja imeandikwa salio 100, nyingine imeandikwa salio la kutumia 30. Risiti hakuna, meseji ya makato hakuna, hoteli wanasema hawajachukua hata senti.

Maswali yangu sasa. Ile 70 iko wapi? Nani kaishika, hoteli, benki, au hao Visa ambao nembo yao ndo iko mbele? La pili, hivi pesa inakuwa ndani ya kadi yenyewe au? Maana kuna mtu kaniambia nikiipoteza ndo imeenda, sawa na kudondosha noti. La tatu, kuna tovuti moja inaikataa kabla hata ya kufika kwenye salio, inasema aina hii ya kadi haipokelewi, wakati Visa wanapokea vizuri tu. Kwa nini wanabagua?

Chongo75

Pole dada. Hiyo 70 haijaliwa, imeshikiliwa tu. Hoteli wameomba idhini, muda wake ukiisha inarudi yenyewe kwenye salio la kutumia. Cha msingi usifute apu na usitupe kadi.

MzeeWaMiamala

Chongo75 yuko sahihi ila ngoja niingie ndani kidogo, maana swali la pesa iko wapi ndo lenyewe, ukishalielewa hilo mengine yote yanafuata. Nimekaa muda mrefu upande wa mifumo ya malipo na hili ndo jambo watu wanaumia nalo kila siku kwa sababu hakuna anayewaelezea wakati wa kuuza kadi.

Ndani ya kadi hakuna pesa. Chipu na ule utepe mweusi wa nyuma vimebeba namba ya kadi, tarehe ya mwisho na funguo za usalama, basi. Pesa uliyojaza ilienda kwa mtoaji wa kadi, ambaye ni benki au kampuni yenye leseni ya pesa za kielektroniki, na mara nyingi huko inakaa kwenye akaunti moja kubwa pamoja na pesa za wateja wengine wote wa kadi hiyo, halafu kwenye kompyuta yao kuna mstari mmoja unaosema mwenye namba fulani ana 100. Huo mstari ndo salio lako. Visa na Mastercard hawajashika pesa yako, kazi yao ni kupitisha ujumbe kati ya benki na benki na kupiga hesabu nani anamdai nani. Kwa hiyo nembo ya mbele usihangaike nayo, geuza kadi usome yale maandishi madogo ya nyuma, kuna sentensi inayosema kadi hii imetolewa na benki fulani. Huyo ndo mwenye majibu, na mara nyingi siye yule ambaye jina lake limepambwa kwa rangi upande wa mbele.

Sasa ulipoandika namba kwenye tovuti ya hoteli, ujumbe ulitoka kwao ukaenda benki yao, ukapita mtandao wa Visa, ukafika kwa mtoaji wako ukauliza, huyu anaweza kutoa 70? Mfumo ukaangalia mstari wako ukakuta 100, ukajibu ndiyo, ukatoa na namba ya idhini yenye herufi au tarakimu 6. Sekunde chache tu. Lakini hiyo "ndiyo" waliyojibu SIYO malipo, ni ahadi. Mtoaji anamwambia muuzaji nimekutengea 70, hakuna mwingine atakayeigusa, na wewe njoo uichukue ukiwa tayari. Ndo maana salio bado 100 ila la kutumia ni 30. Hatua ya pili ni muuzaji kutuma hesabu ya mwisho, inaweza kuwa jioni hiyo hiyo au baada ya siku kadhaa, na hapo ndo pesa inahama kweli. Hoteli yako imefanya hatua ya kwanza tu. Kwa hiyo wakikwambia hatujachukua kitu wanasema kweli, na apu ikikuonyesha 30 nayo inasema kweli, mnaongelea hatua mbili tofauti.

Na ile kozi ya 45 ilikataliwa na mtoaji wako, siyo na wenye kozi. Jibu lililorudi kule ni namba 51, maana yake pesa haitoshi. Kadi iliyopitwa na tarehe inarudisha 54. Muuzaji akikusomea hiyo namba ya kukataliwa inasaidia sana kujua tatizo liko wapi, ila wengi wanaona tu maandishi ya malipo yameshindikana.

Zuhura_M

Asante sana mkuu, hapo nimeanza kuona mwanga. Sasa hiyo ahadi inaisha lini? Na nikiwapigia hoteli niwaambie nini, maana kila nikisema rudisheni pesa yangu wananijibu hatuna pesa yako.

MzeeWaMiamala

Usiwaambie wakurudishie pesa, kwa sababu kwenye mfumo wao hakuna malipo ya kurudisha na mhudumu atakuona unamchanganya. Waambie "naomba mfute idhini". Kwanza piga kwa mtoaji wa kadi, omba ile namba ya idhini, tarehe na kiasi kamili, halafu ndo uwasomee hoteli. Wao wakituma ujumbe wa kufuta, ile 70 inaweza kuachiwa muda mfupi baadaye. Mtoaji mwenyewe kwa kawaida hakubali kuiachia bila muuzaji kuthibitisha, kwa sababu akiachia halafu hesabu ya mwisho ikaja atalazimika kulipa kutoka mfukoni kwake. Wengine wanakubali kama hoteli wakiwatumia barua.

Muda unategemea aina ya biashara na sheria za mtandao. Duka la kawaida ni siku chache hadi wiki. Hoteli na magari ya kukodi ni muda mrefu zaidi, kwa Mastercard idhini ya awali inaweza kudumu hadi siku 30. Ila usifute idhini kabla hujawauliza kama nafasi ya chumba itabaki, maana wengine wanaitumia kama dhamana.

Na hili nalisema kwa kila mtu, pripedi kwenye hoteli, gari la kukodi na pampu za mafuta za kujihudumia inabana sana. Pale pampuni mashine haijui utajaza lita ngapi, kwa hiyo inaomba idhini ya kiasi kikubwa kwanza ndo ikuruhusu kushika bomba, halafu inasahihisha baadaye. Mwenye kadi ya mkopo hata hashtuki kwa sababu kilichoshikwa ni sehemu ya kikomo cha mkopo, pesa za benki, lakini wewe mwenye pripedi kilichoshikwa ni pesa yako ya matumizi ya wiki. Kama unaweza, nafasi iwekee kwa kadi nyingine na wakati wa kuondoka ulipe bili kwa pripedi.

nuru.k

Nijibu la tatu, la kubaguliwa. Namba ya kadi haikupangwa ovyo. Visa zote zinaanza na 4, Mastercard zinaanza na 51 mpaka 55 au zile za 2221 mpaka 2720. Tarakimu za mwanzo kabisa zinamtambulisha mtoaji, zamani zilikuwa 6, kuanzia Aprili 2022 mitandao mikubwa imehamia kwenye 8. Tarakimu ya mwisho kabisa ni ya kukagua tu, inakokotolewa kutokana na zile nyingine kwa kanuni ya Luhn, mhandisi wa IBM, ndo maana ukikosea tarakimu moja tovuti inagundua hapo hapo kabla hata ya kuuliza benki.

Sasa kuna majedwali yanayosema namba zinazoanza hivi ni za mkopo, hizi ni za debiti, yaani zinazokata moja kwa moja kwenye akaunti ya benki, hizi ni pripedi. Tovuti inasoma tu mwanzo wa namba yako na kujua. Na wana sababu zao. Kampuni ya magari inataka kadi ambayo inaweza kuikata tena wiki 2 baadaye ikikuta gari limekwaruzwa, pripedi inaweza kuwa imeshabaki na sifuri. Wenye huduma za kulipia kila mwezi wanaogopa mtu anachukua mwezi wa bure kwa kadi yenye 1 ndani kisha anatoweka. Halafu kuna wale wezi wanaonunua kadi zisizo na jina na kuzitumia kusafisha pesa, Umoja wa Ulaya ulibana hilo mwaka 2020 ukashusha kiwango cha kadi zisizo na utambulisho kutoka yuro 250 hadi 150, na kwa malipo ya mtandaoni ni 50 tu.

Ila siyo kila kukataliwa ni ubaguzi. Tovuti nyingi za Marekani, Kanada na Uingereza zinalinganisha anwani uliyoandika na ile iliyopo kwa mtoaji wa kadi. Kama hujaisajili kadi na kuweka anwani yako kule, hakuna cha kulinganisha, inagoma. Ingia kwenye tovuti ya kadi yako, jaza jina na anwani, uandike vile vile kwenye malipo hadi namba ya posta, ujaribu tena.

bi_Salha

Mwanangu Zuhura, hilo la kupoteza kadi nisikilize mie. Kama kadi imesajiliwa kwa jina lako, piga simu mara moja ifungwe, salio likiwa bado lipo litahamishiwa kwenye kadi mpya, kwa sababu alivyosema MzeeWaMiamala pesa haimo kwenye plastiki. Kama hukuisajili hapo ndo ngoma nzito, utathibitishaje ni yako? Kwa hiyo siku ya kwanza ukiipata, andika namba yake pamoja na namba ya simu ya nyuma mahali pengine tofauti na pochi, na utunze risiti ya kuinunulia.

Lakini kuna kadi ambazo huyo aliyekwambia hajakosea sana. Kadi za usafiri mfano Octopus ya Hong Kong iliyoanza 1997 na Suica ya Japani ya 2001, hizo kiasi kimeandikwa kwenye chipu yenyewe. Unagusisha getini, mashine inasoma salio, inapunguza nauli na kuandika salio jipya humo humo kwenye chipu bila kusubiri jibu kutoka kokote, watu wanapita mbio mbio bila foleni. Za majina zikipotea zinafungwa na kutolewa nyingine, zisizo na majina ndo zimeenda. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ukipoteza inakuwaje, uliza kwanza hiyo ni ya aina gani.

Chongo75

Na kuna za duka moja tu, zile za zawadi. Hizo hazina nembo ya mtandao wowote, zinafanya kazi kwa aliyezitoa peke yake, na duka likifilisika unakuwa mdai kama wadai wengine.

dogo_hesabu

Swali wakuu, sasa kama pesa yote ni mstari kwenye kompyuta ya mtu, huyo mtu akianguka inakuwaje? Mbona hilo hakuna anayeligusa.

MzeeWaMiamala

Swali zuri sana hilo dogo, na majibu yake siyo ya kufikirika, yameshatokea.

Oktoba 2015 kule Marekani kadi ya RushCard ilihamisha mfumo wake kutoka kampuni moja ya kuchakata miamala kwenda nyingine. Pesa hazikuibiwa, hazikupotea, lakini ile mistari haikuhama vizuri na maelfu ya watu wakaamka hawaoni salio, mishahara imeingia haishikiki, kodi ya nyumba hailipiki. Na wengi wa wateja wale walikuwa watu wasio na akaunti nyingine yoyote ya benki. Februari 2017 mamlaka ya kulinda watumiaji ikawaamuru Mastercard, ambao ndo walikuwa wachakataji wapya, na UniRush, kampuni yenye RushCard, walipe jumla ya dola milioni 13, nyingi ya hizo zikiwa za kuwafidia wateja. Nasikitika kila nikikumbuka ile habari, kwa sababu kwa mfanyakazi wa mfumo ni kazi ya kuhamisha data tu, kwa mtu aliyeko upande wa pili ni watoto kulala njaa.

Juni 2020 ikawa zamu ya Wirecard, kampuni ya malipo ya Ujerumani, iliyofilisika baada ya kukutwa yuro bilioni 1.9 zilizoandikwa kwenye vitabu hazipo. Tawi lake Uingereza ndo lilikuwa mtoaji wa kadi za apu nyingi zenye majina mengine kabisa. Juni 26 msimamizi wa Uingereza akasimamisha shughuli zake, wateja wa apu hizo wakajikuta kadi hazifanyi kazi na wengi wao ndo kwanza wanalisikia jina Wirecard. Pesa zao zilikuwa zimetengwa kwa mujibu wa sheria, na baada ya siku chache zuio likaondolewa, ila siku chache bila pesa siyo kitu kidogo. Ndo maana nilisema soma nyuma ya kadi.

Ulinzi wenyewe unatofautiana. Uingereza kampuni ya pesa za kielektroniki inalazimika kutenga pesa za wateja mbali na zake, lakini ile bima ya amana za benki haihusiki. Marekani bima ya FDIC, yaani shirika la serikali linalolinda amana za benki, ya hadi dola 250,000 inaweza kukufikia kupitia benki inayoshikilia pesa, ikiwa kumbukumbu zinaonyesha nani ana kiasi gani, na hapo usajili ndo unafanya kazi yake. Kwa vyovyote pripedi usiifanye ghala la akiba. Jaza unachokwenda kutumia.

nuru.k

Naongeza makato, maana hapo ndo kadi inapomalizwa polepole bila mwenyewe kuona. Kuna ya kununua kadi, ya kila mwezi, ya kujaza, ya kutoa ATM, kuna hata zinazokata kwa kuuliza salio tu kwenye ATM, na ile ya kuiacha bila kuitumia. Na watu wanachanganya tarehe iliyoandikwa kwenye kadi na uhai wa pesa. Tarehe ni ya plastiki. Kadi ikiisha muda na salio lipo, omba kadi nyingine. Kwa kadi za zawadi Marekani sheria ya 2009 imesema pesa isife kabla ya miaka 5, na kato la kutotumia lisianze mpaka ipite miezi 12 bila muamala. Kwingine unasoma masharti yao.

Zuhura angalia na sarafu. Kadi ikiwa ya sarafu moja na bei iko kwa nyingine, mtoaji anabadilisha kwa kiwango cha mtandao halafu wengi wanaongeza asilimia yao juu. Ukiwa na 45 kamili kwa kitu cha 45 itagoma hata kama idhini ya hoteli imeshafutwa, weka ziada kidogo. Na mashine au tovuti ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya kadi yako au ya muuzaji, chagua ya muuzaji, ile nyingine wanakubadilishia wao kwa kiwango chao na mara nyingi kinaumiza.

bi_Salha

Jamani na matapeli tusiwasahau. Mtu akikupigia simu akasema ni wa kodi, wa polisi, wa benki, au mwanao kakamatwa, kisha akataka ununue kadi ya zawadi umsomee namba, kata simu. Hakuna ofisi ya serikali inayopokea malipo kwa namba za kadi ya zawadi. Wanazipenda kwa sababu namba ikishasomwa pesa inahama ndani ya dakika na kuirudisha ni shida kubwa. Likikupata tayari, piga kwa mtoaji wa kadi papo hapo na risiti mkononi, wakati mwingine wanawahi kuisimamisha.

Na kabla hujalipia kadi dukani iangalie kwa macho na vidole. Wezi wanafungua kifurushi, wanakwangua ile sehemu ya kijivu inayoficha namba ya siri, wanainakili, kisha wanabandika stika mpya inayofanana na kuirudisha rafuni. Siku ukiijaza wao wanaikomba. Pitisha ukucha kwenye kingo za ile stika, ukiona imeinuka au haijakaa sawa, au gundi ya bahasha imejikunja, chukua nyingine na umwonyeshe mwenye duka ile mbovu.

Zuhura_M

Nimepata zaidi ya nilichouliza, Mungu awabariki. Moja la mwisho, nikishalipa ile kozi halafu wakaighairi, na kadi imeshabaki sifuri, pesa itarudi wapi? Nilikuwa na mpango wa kuikata kata na mkasi nikimaliza.

MzeeWaMiamala

Usiikate. Marejesho yanarudi kwenye namba ile ile iliyolipa hata kama salio ni sifuri, na yanaweza kuchukua siku kadhaa za kazi kuonekana. Kadi ikiwa imefungwa au imeisha muda, pesa inafika kwa mtoaji na anaweza kuihamishia kwenye kadi yako mpya, lakini akikuta hukusajili na namba huna tena mtazungushana. Itunze mpaka muda wa kudai marejesho upite kwa kila kitu ulicholipia nayo, na kama kuna huduma yoyote uliyoiunganisha iwe inakata kila mwezi, ifute kwenye tovuti yao kwanza. Kuna watoaji ambao wanaruhusu kato likapita hata salio likiwa sifuri, ukaja kukuta unadaiwa.

Kesho ukiwapigia hoteli andika jina la mhudumu na saa, na wakikwambia wameshafuta idhini omba wakutumie kwa barua pepe.